Jua halina kesi ya kujibu

*Kompyuta mpya za mezani hutoka Mbarara zikiwa nzima, zikifika makazi ya wakimbizi ya Nakivale zinachemka na kuzimika. Muuzaji humlaumu mteja, mteja huilaumu hali ya hewa. Ushahidi wenyewe umo ndani ya kasha.*

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Asubuhi mashine huwaka bila shida. Mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, iwe mtaa wa New Congo au karibu na Base Camp huko Nakivale, hufungua faili kutoka kwenye flashi ya mteja: barua ya kuomba kazi, fomu ya shule, pengine maelezo ya mtu tangu alipotoka Kivu hadi alipovuka mpaka. Ukurasa wa tatu haujatoka kwenye printa, feni inaanza kuvuma kama kinu cha kusaga mahindi. Kishale cha kipanya kinakwama. Kisha skrini inakuwa nyeusi, na anayegusa ubavu wa kasha huondoa mkono haraka.

Mteja anasubiri. Nyuma yake wapo wengine. Kompyuta haijamaliza mwezi tangu itolewe kwenye boksi, na stika ya dhamana bado inang'aa juu ya skrubu ya nyuma.

Hukumu hutolewa papo hapo, na mshtakiwa ni yule yule: jua.

Si haki. Anayetaka kujua kwa nini mashine mpya huchemka Nakivale inampasa aifuate tangu dukani, apande nayo taksi, ashuke nayo kwenye barabara ya marramu, halafu aangalie ilipowekwa na ilipochomekwa. Kwenye safari hiyo watuhumiwa ni wengi, na jua ni wa mwisho katika orodha.

Joto la nje, joto la ndani

Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wilaya ya Isingiro inayoizunguka Nakivale haiko chini sana ya hapo. Mchana wa kawaida joto huwa nyuzi 25 hadi 29 hivi. Usiku watu hujifunika blanketi. Mombasa, Dar es Salaam na Juba ndizo zenye haki ya kulalamika, na huko kompyuta za mezani zinapiga kazi mwaka mzima.

Prosesa yenyewe haiogopi nyuzi 29. Chipu nyingi za mezani za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 hivi. AMD, ilipotoa Ryzen za mfululizo wa 7000 mwaka 2022, iliweka kikomo chake kwenye nyuzi 95. Chipu ikikaribia hapo hujipunguzia kasi. Ikishindwa kabisa kujiokoa, kompyuta hujizima.

Hesabu ni nyepesi. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 24 hadi 30, chipu nayo hupanda kwa nyuzi sita hivyo hivyo. Iliyokuwa ikifanya kazi kwenye nyuzi 60 itafika 66. Haiwezi kurukia 98 kwa sababu mawingu yametawanyika.

Kuna jambo moja la mazingira linalostahili kutajwa. Kwenye mwinuko wa mita 1,400 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya nane, na feni ikizunguka kwa kasi ile ile hubeba joto pungufu. Lakini hiyo ni kodi ndogo ambayo kila kompyuta ya mji wa Mbarara hulipa, na nyingi huilipa bila kuzimika.

> Chumba kikipanda nyuzi sita, chipu nayo hupanda sita. Hairuki hadi 98 kwa sababu ya jua.

Makazi yanayoishi kwa karatasi

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, enzi Wanyarwanda walipokuwa wakikimbilia Uganda. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowauzia nyanya Wakongo na Warundi, na ndicho kinachowapatanisha fundi na mteja wake.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kutembea nchini na kufungua biashara. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Alexander Betts walitoa ripoti kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini humu, Nakivale ikiwemo, na kupinga dhana kwamba mkimbizi hukaa tu akisubiri mgao. Anayepita sokoni haihitaji ripoti hiyo: kuna studio za picha, vibanda vya kuchaji simu, kumbi za sinema, maduka ya kuchapa. UNHCR nayo ilianzisha mpango wa vituo vya kompyuta kwa ajili ya wakimbizi, na mashirika mengine yakafuata na madarasa yao.

Katika mazingira haya kompyuta ya mezani bado inapendwa, ingawa vijana wa Kampala wameshaiona ya kizamani. Sababu inaeleweka. Laputopu ikifa mara nyingi imekufa yote. Kasha la mezani hubadilishwa kipande kimoja kimoja, na vipande hivyo vinapatikana Mbarara. Kwa mwenye kibanda, mashine ikizimika kwa siku mbili ni siku mbili bila kipato, kwa sababu yeye hulipwa kwa ukurasa.

Kilichotokea njiani

Kompyuta ya mezani hupoa kwa mnyororo mmoja tu. Prosesa hutoa joto. Pesti ya kijivu iliyopakwa juu yake hulipitisha hadi kwenye kipoza, lile bonge la alumini lenye mapezi. Feni iliyo juu ya kipoza hulipuliza, na feni ya nyuma hulitoa nje. Kiungo kimoja kikilegea, vilivyobaki vinafanya kazi bure.

Sasa tazama jinsi bonge hilo linavyoshikwa. Vipoza vingi vinavyouzwa pamoja na prosesa za Intel hubanwa kwa pini nne za plastiki, muundo ulioingia na soketi 775 mwaka 2004. Fundi huzisukuma kwa kidole gumba hadi zilie. Ni muundo rahisi na wa bei nafuu, na wanaounda kompyuta wameulalamikia miaka yote hiyo. Kasha likisimama wima, kipoza huning'inia kwa ubavu na kuzivuta pini zake usiku na mchana.

Kwenye lami ya Mbarara kwenda Kikagati haina neno. Lami ikiisha, marramu inaanza. Boksi limewekwa juu ya gunia la vitunguu, au limefungwa kwa mpira nyuma ya boda boda, na kila korongo la barabara linalitikisa. Pini moja iliyosukumwa nusu nusu inachomoka. Kwa macho kipoza kiko mahali pake. Kwa prosesa, upande mmoja umebaki hewani.

Na bado mashine huwaka. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kuwasha na kuandika barua fupi ni kazi ndogo, na joto hujilimbikiza taratibu. Ukianza kuchapa kurasa nyingi, kufungua video au kukutana na darasa kwa njia ya intaneti, chipu hupanda hadi kikomo ndani ya dakika chache.

Zamani kosa hili lilikuwa mauti. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi video maarufu ya kompyuta zikiondolewa vipoza zikiwa kazini. AMD Athlon ilitoa moshi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo na kuendelea kuishi. Chipu za leo zote zimejifunza kujilinda, na kwa hiyo mashine inayozimika kila mara inatekeleza ulinzi uliokusudiwa na walioiunda. Kuiwasha tena na tena kwa hasira ni kuilazimisha irudi kwenye moto ule ule.

Yapo makosa mengine ya kiwandani au dukani yenye dalili hizo hizo. Kipoza kilichonunuliwa peke yake huja na karatasi ya plastiki chini, na wapo mafundi wenye haraka waliokifunga bila kuibandua. Waya wa feni ya prosesa huchomekwa pasipo pake, au waya mwingine hugusa mapanga ya feni na kuizuia. Feni ya nyuma hugeuzwa, ikawa inaingiza hewa mahali ilipopaswa kuitoa. Yote hayo huonekana kwa tochi ya simu.

Mpya kwa nani?

Kuna swali ambalo wanunuzi wengi huona haya kuliuliza. Mashine inayoitwa mpya kwenye rafu ya duka huenda ilikuwa mezani kwenye ofisi ya Ulaya au ya Ghuba miaka kadhaa iliyopita, ikafutwa vumbi, ikafungwa nailoni na kupewa boksi. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2009 serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Zaidi ya miaka 15 baadaye, makasha meusi ya ofisi za Ulaya bado yanauzwa hadharani.

Kusema kweli, mengi ya makasha hayo ni mazuri kuliko mapya ya bei ya chini. Yaliundwa kwa ajili ya kampuni kubwa, bati lake ni nene, na kipoza mara nyingi kimefungwa kwa skrubu. Udhaifu wake ni pesti. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka, na muuzaji aliyepangusa nje hakuhangaika na ndani. Kasha la namna hiyo linahitaji pesti mpya siku ya kwanza, kabla halijawekwa kazini. Tyubu ndogo kwa kawaida haifiki nauli ya kwenda Mbarara na kurudi.

Kipimo cha ubavu wazi

Fundi mzuri haanzi na bisibisi. Huanza na namba. Huwasha mashine, hubonyeza Del au F2, huingia kwenye BIOS na kusoma joto la prosesa. Hapo mashine haina kazi yoyote. Nyuzi 35 hadi 50 ni hali ya kawaida. Ikipanda mbele ya macho yake hadi 80 na kuendelea, hahitaji kuchunguza Windows wala virusi: kipoza hakijagusa prosesa sawasawa, au feni yake haizunguki.

Namba zikiwa nzuri kwenye BIOS lakini zikaharibika wakati wa kazi, anafungua ubavu wa kasha na kurudia kazi ile ile. Joto likishuka sana, tatizo ni mzunguko wa hewa: feni ya nyuma, vumbi, au mahali kasha lilipokaa. Lisiposhuka, anarudi kwenye kipoza na pesti. Kipimo hiki hakigharimu shilingi, na ni aibu kwamba hakifundishwi kwenye kila darasa la kompyuta pale makazini.

Mahali kasha lilipokaa pana mengi ya kusema. Meza nyingi za kompyuta zina kijisanduku cha mbao chenye mlango, kana kwamba kasha ni nguo za Idi zinazofichwa panya. Hewa moto hutoka nyuma, hugonga ubao na kurudi mbele. Kuna pia upendo wa kitambaa cha kufumwa: mashine ikinunuliwa kwa jasho, mama mwenye nyumba huivika kama anavyoivika redio na kochi, na matundu ya juu yanazibwa. Wazee wetu hawakukosea kuvitunza vitu vyao, ila kitambaa hicho kivikwe mashine ikiwa imezimwa. Kasha linataka nafasi ya kiganja kizima kati ya mgongo wake na ukuta, na linataka liinuliwe kutoka sakafuni, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi la barabara linapoingia hadi ndani ya sukari.

Kuacha ubavu wa kasha wazi moja kwa moja na kulielekezea feni ya mezani, kama wengi wafanyavyo, huleta nafuu ya wiki chache na vumbi la mwaka. Anayepuliza vumbi kwa blowa naye azuie mapanga ya feni kwa kidole, yasizungushwe kupita kiasi.

Mara moja moja kosa huwa kwenye programu. Windows na michezo iliyovunjwa kufuli, inayosambazwa kwa flashi, wakati mwingine huficha programu inayochimba sarafu za kidijitali kwa manufaa ya mtu asiyejulikana. Dalili yake ni feni kupiga kelele wakati hakuna mtu anayetumia mashine, na orodha ya kazi za Windows kuonyesha prosesa imeshikwa karibu yote. Kipoza bora kuliko vyote hakitaponya hilo.

Umeme hujifanya joto

Kabla ya kuhukumu, fundi huuliza swali moja zaidi: ilizimikaje? Ikilalamika kwanza, ikapunguza mwendo, feni ikavuma dakika kadhaa kisha giza, hilo ni joto. Ikikatika ghafla bila onyo, kama taa iliyozimwa, shuku umeme.

Printa ya leza ndiyo mkosaji asiyeshukiwa. Ili kuyeyusha wino wa unga kwenye karatasi huipasha roli yake hadi joto kali, na kwa sekunde hizo hula mamia ya wati, nyingine zaidi ya 1,000. UPS ndogo ya VA 650, ile inayopendwa madukani, hubeba wati mia tatu na kitu tu. Mwenye kibanda akizichomeka zote mbili, kompyuta na printa, kwenye UPS hiyo, kila ukurasa wa kwanza ni hatari ya kuzimika. Inveta ndogo ya sola ina tabia hiyo hiyo. Dawa yake ni kuitoa printa kwenye UPS.

Volti za Uganda kwa mujibu wa kanuni ni 240. Tangu 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea kazi kutoka kwa kampuni ya Umeme baada ya mkataba wa miaka 20, na wateja wanaendelea kuhesabu siku za kukatika. Kwenye jenereta volti huyumba zaidi. Pawa saplai ya bei ya chini ikipokea umeme wa namna hiyo huchemka yenyewe, ikiwa na feni ndogo iliyojaa vumbi, na harufu ya kuungua hutoka nyuma juu, mbali na prosesa. Hiyo hubadilishwa nzima. Haifunguliwi na asiyejua, kwa kuwa hubaki na chaji ndani hata waya ukichomolewa.

Vita vya stika

Hapa ndipo pande mbili hugombana kweli. Wauzaji wa Mbarara wana hoja yao: aliyeondoa stika amegusa ndani, na duka haliwezi kujua kama pini ilichomoka njiani au ilivunjwa na mpwa wa mteja. Wamerudishiwa mashine zilizopakwa pesti hadi kwenye soketi. Wamerudishiwa nyingine ambazo vipande vyake vya kumbukumbu vimepungua.

Mafundi wa makazini hujibu kwamba kazi ya dakika kumi inageuzwa kuwa safari ya siku nzima, mashine ikatikiswa tena kwenye marramu ile ile iliyoilegeza, na ikirudi baada ya kutengenezwa itikiswe mara ya tatu.

> Kazi ya dakika kumi inageuzwa safari ya siku nzima, kwenye marramu ile ile iliyoilegeza mashine.

Sheria haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayeuza bidhaa katika biashara yake auze kitu kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Anayesema dukani kwamba anataka mashine ya kuchapa kutwa nzima Nakivale ameshaitaja kazi hiyo. Marekani wamekwenda mbali zaidi: Aprili 2018 Tume ya Shirikisho ya Biashara iliziandikia kampuni sita ikizionya kwamba kumtishia mteja kuwa dhamana inakufa akifungua kifaa au akitumia fundi wa nje, kwa kawaida ni kinyume cha sheria.

Hata hivyo upande wa wauzaji usidharauliwe, kwa maana yapo maradhi ambayo pesti haiyaponyi. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti zilizozidi na kuharibika polepole. Ilitoa marekebisho ya BIOS Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Mwenye chipu ya aina hiyo anaihitaji risiti yake kuliko bisibisi.

Kwa hiyo stika ina kazi yake, lakini imewekwa mahali pabaya. Kinachopaswa kulindwa ni prosesa, mazabodi na pawa saplai. Kufungua ubavu ili kutoa vumbi na kukaza kipoza kungeruhusiwa kwa maandishi, na wauzaji wachache wakianza, wengine watalazimika kufuata, kwani wateja wa Nakivale si wachache na wanazungumza.

Mashirika nayo yana deni. Makasha kumi yakipelekwa kwenye darasa la wakimbizi, bajeti huwa na bango, fulana na chakula cha uzinduzi. Ni nadra kukuta blowa, tyubu za pesti na posho ya fundi wa kuyasafisha kila muhula. Mashine zinazokufa kwa vumbi huandikwa kwenye taarifa kama zimechakaa.

Anayekwenda Mbarara kununua wiki hii asimalize kulipa mashine ikiwa baridi. Aombe iwashwe nusu saa, ichezeshwe video na ifunguliwe programu kadhaa kwa pamoja, kisha namba ya joto la prosesa kwenye BIOS iandikwe kwenye risiti pamoja na sahihi ya muuzaji. Njiani kasha lilazwe kwa ubavu, mazabodi ikiwa chini na kipoza kikitazama juu, lisisimamishwe. Likifika, joto lisomwe tena kwenye BIOS kabla ya kazi yoyote. Namba mbili zikitofautiana sana, barabara imeshaijibu kesi, na muuzaji apigiwe simu siku hiyo hiyo.